Sigiri Nje, Siri Ndani

Mvua ilianza alasiri, ikashika mpaka usiku. Ulikuwa mwezi wa nne, na hapa Kamwokya, Kampala, mwezi huo mitaro hufurika na kila mtu hujifungia kwake. Saa tano usiku mama wa chumba cha tatu alinigongea mlango. "Jirani, watoto wananifia!"

Mkubwa alikuwa anatapika kwenye beseni. Wa pili alijishika kichwa akilia. Shangazi yao alikuwa ameketi sakafuni, anasema miguu haimtii. Kichanga wa siku tisa alikuwa amelegea mikononi mwa mama yake. Miguuni pa kitanda ilikuwapo sigiri, ile ambayo wenzetu wa pwani huiita seredani, makaa yake mekundu yametulia bila hata uzi wa moshi. Tundu la hewa juu ya mlango lilikuwa limezibwa kwa sweta.

Tuliwapakia kwenye boda boda mbili hadi kliniki ya karibu. Dirishani, karani alisoma maswali yake kwa sauti ya mnadani. Jina? Ndaga muntu, yaani kitambulisho? Namba ya simu? Una mimba? Una ugonjwa wa kudumu? Kuna dawa unayotumia kila siku? Benchini tulikuta watu kumi na mmoja, watatu wao wa ploti yetu, akiwamo mtoto wa mwenye nyumba. Mama akajibu hapana, hapana, hapana. Alipoulizwa kilichowapata, akasema labda ni chakula, kwa sababu mwenye nyumba alikwisha kataza sigiri vyumbani.

Wakatobolewa vidole wapimwe malaria. Mmoja akakutwa nayo. Kile kibanio cha kidoleni kinachopima oksijeni kikaonyesha 98, namba ya mtu mwenye afya kamili. Vidonge vya malaria vilikuwa vimeanza kuhesabiwa nilipomwambia mhudumu wa afya: "Musawo, hawa walikuwa na sigiri ndani." Mhudumu akaacha kuhesabu. Usiku huohuo walikimbizwa hospitali kubwa, wakawekewa oksijeni, na wote wakapona.

Baadaye mama alimvuta muuguzi pembeni akamnong'oneza. Kumbe kati ya zile hapana tatu, moja haikuwa ya kweli. Ipi, si kazi yangu kuisema hapa.

Usiku ule nilijifunza kwamba tumepindua mambo. Sigiri inayopaswa kukaa nje tumeiingiza ndani, na siri inayopaswa kukaa ndani tunaipigia mbiu nje. Makosa hayo mawili husaidiana, kwani mgonjwa anayeogopa masikio ya benchi humficha daktari jambo lilelile ambalo lingemwokoa. Haya ndiyo ninayowaambia majirani zangu tangu siku hiyo.

Kupata joto bila kuota kifo

Kampala iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari. Mgeni kutoka Dar es Salaam hutushangaa tukivaa jaketi, lakini usiku wa mvua, chini ya mabati yasiyo na dari, juu ya sakafu ya saruji, baridi huuma. Wengi wetu tunaishi kwenye muzigo, chumba kimoja chenye mlango mmoja, dirisha moja na pazia linalotenga kitanda na vyombo. Hatuna mtambo wa kupasha nyumba joto. Tuna sigiri.

Hatari kubwa zaidi ya sigiri haimo kwenye moshi. Moshi hukutoa machozi, ukakimbia. Hatari iko pale mkaa unapokolea na moshi kwisha, wakati ambapo watu husema "sasa imekuwa safi, iingize." Mkaa unaowaka kwenye hewa finyu hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ukiivuta, hujibandika kwenye damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inazunguka, lakini haibebi kile ambacho ubongo na moyo vinakihitaji. Mkaa wa kutengeneza kwa vumbi na maganda una tabia hiyohiyo, usidanganywe na jina la "mkaa safi."

Kwa hiyo:

1. Sigiri iwashwe nje na izimwe nje. Mvua ikinyesha, pika barazani chini ya bati. Ukimaliza, mwagia maji au funika makaa kwenye chungu chenye kifuniko. Usiseme utaiingiza dakika kumi tu, maana hizo dakika kumi ndizo watu hupitiwa na usingizi.

2. Usizibe tundu la hewa. Kama unakimbia mbu, pigilia kipande cha chandarua au wavu wa dirishani. Mbu watabaki nje, hewa itapita. Sweta, boksi na gazeti viondoe.

3. Pasha kitanda joto, wacha chumba. Jaza maji ya moto, yasiyochemka, kwenye chupa ngumu. Kaza kifuniko, igeuze juu chini kuhakikisha haivuji, ifunge kwa kitambaa na uiweke chini ya blanketi robo saa kabla ya kulala. Kwenye kitanda cha mtoto, itoe kabla hujamlaza.

4. Zuia baridi ya chini. Godoro lililo juu ya saruji hunyonya baridi usiku kucha. Tandika maboksi yaliyokunjuliwa, kisha mkeka, kisha godoro. Utashangaa tofauti yake, na maboksi huyapata dukani bure au kwa bei ya chai.

5. Kichanga apashwe na mwili. Mlaze akiwa na nepi na kofia tu, kifua chake juu ya kifua kitupu cha mama, kisha funika wote wawili kwa kitenge na blanketi. Wakunga hufundisha njia hii hata kwa watoto njiti. Baba naye ana kifua. Mama akitaka kupumzika, baba ashike zamu.

6. Koili ya kuchemshia maji ina masharti yake. Itie majini kwanza, ndipo uwashe. Zima na uchomoe kabla ya kugusa maji. Isiguse ukuta wa ndoo ya plastiki, na mtoto asibaki nayo chumbani peke yake.

Ukiona dalili hizi, toka

Kichwa kinauma kama kimefungwa kamba, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea, akili kuvurugika. Ni rahisi kusema ni malaria. Lakini malaria haiwakamati watu wanne wa chumba kimoja ndani ya saa moja. Jiulize: tumeugua pamoja? Hatuna homa? Tukitoka nje tunapata nafuu? Kuna moto uliokuwa unawaka ndani? Majibu yakiwa ndiyo, usisubiri asubuhi.

Fungua mlango, toa watu wote nje, mvua au hakuna mvua. Mali utairudia. Usimnyweshe mtu maziwa. Imani hiyo imeenea, lakini maziwa hayaigusi hewa iliyomo kwenye damu, na aliyezimia yanaweza kumpalia. Mlaze ubavu, kisha mpeleke penye oksijeni: Mulago, Kiruddu, Naguru, au Kawempe kama ni mjamzito. Mjamzito apelekwe hata kama anajisikia nafuu, maana mtoto tumboni huumia zaidi kuliko mama.

Ukifika, sentensi ya kwanza iwe: "Tulikuwa na sigiri ndani." Kile kibanio cha kidoleni hakijui kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba sumu hii, kwa hiyo kinaweza kuandika 98 kwa mtu aliye hatarini. Ulimi wako ndio utakaosema kile ambacho kifaa hakikioni.

Daktari umwambie yote, benchi lisisikie kitu

Kusema kweli kwa daktari kunahitaji mahali pa kusemea. Mahali hapo usisubiri upewe, padai kwa adabu.

*Dirishani.* Karani akianza kukuhoji mbele za watu, mwambie: "Mengine nitamjibu musawo ndani." Akishikilia, omba karatasi uandike. Jina na umri havina neno. Ujauzito, dawa na maradhi ya kudumu ni maswali ya chumba cha daktari. Usimdanganye karani, kwa sababu uongo huo huingia kwenye faili na daktari huusoma kama kweli.

*Ndaga muntu.* Ukiwa nayo, ibebe, maana majina yetu yanafanana na faili huchanganyika. Lakini kukosa kadi hakupaswi kumnyima mtu tiba. Mwaka 2021 mashirika ya ISER na Unwanted Witness, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha New York, yalitoa ripoti kuhusu wazee na wajawazito waliokataliwa kwenye vituo vya afya kwa kukosa kitambulisho cha taifa. Ukikataliwa, omba jina la aliyekataa na sababu yake, kisha umwone msimamizi wa kituo. Barua ya LC1, baraza la mtaa, inayothibitisha makazi inaweza kusaidia. Hakikisha haitaji ugonjwa.

*Daftari.* Katika vituo vingi vya serikali, faili lako la matibabu ni daftari la shule ulilonunua mwenyewe getini, lenye picha na orodha ya kuzidisha nyuma. Nimeona daftari la mama likiwa na hesabu za mtoto wa darasa la pili ukurasa wa tano, na majibu ya maabara ukurasa wa sita. Nunua daftari moja kwa kila mtu. Juu ya jalada andika jina tu, usiandike kliniki unayohudhuria. Liweke ndani ya kavera, yaani mfuko wa plastiki, ndani ya sanduku. Likijaa, usilifungie kachumbari wala kuliwashia mkaa. Lihifadhi, maana ndilo historia yako yote.

*Simu na kibanda cha kopi.* Ukipiga picha ya majibu, ifute baada ya kuitumia. Ukichapisha kibandani, simama hapo mpaka mhudumu afute faili kwenye kompyuta yake na karatasi iliyoharibika uichukue. Kundi la WhatsApp la familia lina shemeji ambaye ana shemeji yake.

*Mwajiri.* Anayetaka cheti cha afya anahitaji kujua kama unafaa kwa kazi. Mwombe daktari aandike "anafaa" au "apumzike siku tano", bila jina la ugonjwa. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 inakataza ubaguzi kazini kwa sababu ya hali ya VVU.

*Kabla ya kipimo cha VVU,* muulize mshauri: "Majibu haya yanaweza kumfikia nani bila ridhaa yangu?" Sheria ya 2014 ya VVU na UKIMWI inalinda siri, lakini imeacha milango kadhaa wazi, na ni afadhali uijue ukiwa bado umekaa kitini. Tena, Februari 2025, baada ya fedha za Marekani kukatwa, Wizara ya Afya iliagiza huduma za VVU zilizokuwa na kliniki zake ziingizwe kwenye huduma za kawaida. Foleni inaweza kuwa moja sasa. Kama unachukua dawa, muulize muuguzi siku na saa zenye watu wachache, na uwe na mfuko wako mwenyewe; chupa zinazogongana ndani ya kavera angavu husema kabla hujasema.

Serikali ikibisha hodi kwenye faili lako

Ibara ya 27 ya Katiba ya 1995 inalinda faragha ya mtu, nyumba yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa na Faragha ya 2019 inaziweka rekodi za matibabu kwenye kundi la taarifa nyeti, pamoja na dini, siasa, fedha na maisha ya kimapenzi. Hata hivyo sheria hiyohiyo imeacha upenyo: usalama wa taifa, upelelezi wa makosa, kazi za umma zinazotajwa na sheria. Mlango una kufuli, lakini funguo ni nyingi. Kazi yako ni kuuliza aliyeko mlangoni ameshika ufunguo gani.

Yako maombi ya haki kabisa. Ebola ilipotangazwa Kampala Januari 2025, baada ya muuguzi wa Mulago kufariki, wafuatiliaji wa wizara walihitaji kujua nani alikutana na nani. Mtu wa namna hiyo akija na kitambulisho, mjibu bila kusita. Uhai wa mtaa uko hapo. Vilevile ukipigwa au kujeruhiwa na ukataka kesi, daktari atajaza fomu ya polisi, PF3. Kumbuka tu kwamba fomu hiyo inahusu jeraha la kesi hiyo. Haitoi ruhusa ya kusomwa kwa daftari zima.

Yako pia maombi ambayo ni udadisi uliovaa sare. Mwenyekiti wa LC1 anaweza kuthibitisha unaishi wapi. Hana mamlaka ya kusoma unaumwa nini. Askari aliyefika mapokezi na jina lako kwenye kipande cha karatasi bado ana maswali manne ya kujibu, na wewe au mhudumu mna haki ya kuyauliza kwa upole:

1. Wewe ni nani, na kitambulisho chako kiko wapi?
2. Unaomba kwa sheria gani, na kuna amri ya mahakama au barua rasmi?
3. Unataka taarifa ipi hasa, ya tarehe ipi?
4. Tutabaki na nakala gani ya ombi lako?

Andika majibu, saa na tarehe. Wengi wanaokuja bila karatasi huondoka swali la pili linapofika. Asiyeondoka usipigane naye. Andika kwamba umekataa kutoa ridhaa, kisha tafuta wakili.

Na usidhani mahakama zetu hazisikii. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba iliacha sehemu kubwa ya Sheria dhidi ya Ushoga ya 2023 isimame, lakini ikafuta vifungu vichache, kikiwamo cha wajibu wa kuripoti watu polisi, kwa kuwa viligongana na haki ya afya na ya faragha. Hata majaji waliokubaliana na sheria hiyo kwa jumla waliona kwamba mgonjwa akiogopa kuripotiwa, hatakwenda kutibiwa.

Kudai faili na kulalamika

Rekodi za hospitali kuhusu wewe una haki ya kuziona. Andika barua fupi: jina, tarehe ulizotibiwa, unachoomba, sahihi. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri ubaki nayo. Sheria ya 2019 inawapa siku 30 kukujibu. Ukikuta kosa, dai lirekebishwe. Ugonjwa ambao si wako, ukiandikwa kwenye faili lako, unaweza kukuletea dawa ambayo si yako.

Siri yako ikivuja, anza na msimamizi wa kituo, kwa maandishi. Usipojibiwa, zipo njia tatu. Ofisi ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyo chini ya mamlaka ya teknolojia ya habari, NITA-U, hupokea malalamiko kuhusu taarifa. Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno husikiliza mashauri ya daktari, na wauguzi wana baraza lao. Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda husikiliza pale chombo cha serikali kinapohusika. Ukihitaji wa kukushika mkono, HEPS-Uganda husaidia wagonjwa kwa jumla na UGANET hutoa msaada wa kisheria katika mambo ya VVU. Kwa anayetoa taarifa za mtu kinyume cha sheria, adhabu hufika pointi 245 za fedha, kila pointi shilingi 20,000, yaani shilingi milioni 4.9, au kifungo cha hadi miaka kumi, au vyote viwili. Mtajie karani namba hiyo taratibu; mara nyingi inatosha kumfanya ashushe sauti.

Mama wa chumba cha tatu bado ni jirani yangu. Kichanga sasa anatembea. Sigiri inakaa barazani chini ya bati nililomsaidia kupigilia, na juu ya mlango pana wavu badala ya sweta. Daftari lake sijui liko wapi, na ndivyo inavyopaswa.

Wewe usingoje mvua ikushike. Jioni hii, panda kwenye stuli utazame tundu la hewa juu ya mlango wako. Kilichozibwa hapo kitoe. Ukishuka, tafuta daftari lako la hospitali. Kama limelala juu ya meza ya watoto, liondoe.